Vyuma 263, Dhahabu 4

Siku ya kwanza nilichimba mashimo 61 na sikupata kitu hata kimoja ambacho ningeweza kumwonyesha mtu. Misumari. Vizibo vya soda. Kipande cha bati chenye umbo la ramani ya Afrika, ambacho nilikifuta vumbi kwa matumaini kabla ya kukitupa. Jioni mikono ilikuwa na malengelenge, na mjomba alikuwa ameshaanza kunitazama kama mtu aliyeleta mkosi.

Nieleze kwanza nilifikaje huko. Likizo ndefu iliyopita nilikwenda Chunya kwa mjomba wangu. Wanachuo wenzangu mnajua bumu likiingia linavyoondoka. Mimi la kwangu nilitoa shilingi laki tatu nikampa mjomba aongezee kwenye pesa ya kukodi mashine ya kutafutia dhahabu. Ni ile yenye fimbo, sahani ya duara chini na spika za masikioni. Wengine huiita detekta, sisi tuliiita mashine tu. Mwenye mashine alitaka pesa ya kuanzia, na juu yake theluthi moja ya kitakachopatikana. Mwenye leseni ndogo ya eneo naye ana fungu lake. Kinachobaki ndicho chetu. Tulikuwa nayo kwa siku 12.

Mimi nasomea ualimu, masomo yangu ya kufundishia ni fizikia na historia. Nilidhani fizikia ndiyo itakayonisaidia. Ilinisaidia, lakini historia ilinisaidia zaidi, na ndiyo maana naandika makala hii. Vijana wengi hapa chuoni wana ndugu Chunya, Geita, Kahama au Singida, na kila likizo kuna anayerudi na habari za mashine. Kuna pia wanaorudi wakiwa wameuza kiwanja cha mama kwa sababu ya mashine hiyohiyo.

Mashine inasikia nini

Sahani ile ina koili ya waya. Umeme unaobadilikabadilika ukipita ndani yake unatengeneza uga wa sumaku unaoingia ardhini. Uga huo ukikutana na metali, ndani ya metali kunazuka mikondo midogo ya umeme inayozunguka, nayo inatengeneza uga wake yenyewe. Mashine inausikia ule wa pili na kuugeuza kuwa sauti. Ni somo lilelile la kidato cha nne, la Faraday na sumaku inayosukumwa kwenye koili, ila hapa limevaa matope.

Sasa angalia jambo hili. Mashine haisikii dhahabu. Inasikia kwamba kuna kitu kinachopitisha umeme, cha ukubwa fulani, umbali fulani. Punje ndogo ya dhahabu na karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara zinaweza kutoa sauti moja. Punje kubwa kidogo na kipande cha risasi kilichopondeka, vilevile. Chuma kinatofautiana kidogo kwa sababu chenyewe kinavutwa na sumaku, kwa hiyo mashine nyingi zina kitufe cha kuchuja: ukikiwasha, sauti za chuma zinanyamazishwa.

Baada ya mashimo yangu 61 mjomba alifanya ambacho mtu yeyote aliyechoka angefanya. Alikiwasha kitufe cha kuchuja, akakizungusha hadi mwisho. "Mjomba," akaniambia (naye huniita hivyohivyo), "hatukuja hapa kuokota misumari."

Siku tatu zilizofuata zilikuwa za amani kabisa. Tulitembea, mashine ikanyamaza, tukachimba mashimo machache, tukarudi kula ugali. Usiku wa siku ya nne ndipo nilipopata wasiwasi. Eneo lililotupa misumari 40 kwa siku moja haliwezi kuwa kimya namna hiyo. Asubuhi nikamwomba mnunuzi mmoja, jirani ya mjomba, atuazime punje ya pointi mbili, yaani gramu 0.2, ndogo kuliko punje ya mchele. Alikubali kwa sharti kwamba asimame pale pale tukiwa nayo, na simlaumu.

Tuliiweka juu ya ubao: mashine ikalia. Tukaifunika kwa udongo wa pale, ule mwekundu, unene wa vidole viwili: kimya. Tukazima kichujio: ikalia tena, kwa sauti hafifu, lakini ililia. Udongo mwekundu ni mwekundu kwa sababu ya madini ya chuma. Punje ndogo ikilala ndani yake, mashine inachanganya sauti ya punje na ya udongo na kuamua kwamba yote ni chuma. Kichujio kinatupa vyote viwili. Kwa siku tatu tulikuwa tumelipa pesa ili tupite juu ya dhahabu bila kuisikia.

Mjomba alikaa chini. Hakusema kitu kwa muda. Kisha akauliza, "Kwa hiyo inabidi tuchimbe misumari yote?"

Ndiyo, Mjomba. Yote.

Namna ya kuishi na takataka

Kama huwezi kuikwepa takataka, kazi inayobaki ni kupunguza muda unaopotea kwa kila kipande. Hapa ndipo tulipojifunza mambo mengi kwa siku chache.

La kwanza ni sumaku. Tulitoa sumaku kwenye spika mbovu ya redio, tukaifunga kwa mpira wa baiskeli kwenye ncha ya mpini wa sururu. Ukishachimba, kabla hujainama, pitisha sumaku kwenye udongo uliotoka. Msumari unaruka wenyewe na kung'ang'ania. Pitisha mashine tena shimoni: ikiwa kimya, ondoka. Shimo lililokuwa linachukua dakika kumi likawa la dakika mbili. Sumaku ikitoka tupu na sauti bado ipo, hapo moyo unaruhusiwa kudunda kidogo.

La pili ni kugawa nusu kwa nusu. Wengi huchambua udongo kwa vidole na kuupoteza mchana mzima. Chukua kopo la plastiki, liwe plastiki tupu, bila mshikio wa chuma. Jaza udongo wenye sauti, pitisha juu ya sahani. Ikilia, mwaga nusu mkononi, pima iliyobaki. Nusu yenye sauti unaigawa tena. Mara nne tu, na kile kilichokuwa kopo zima sasa ni moja ya kumi na sita yake, udongo wa kuenea kiganjani. Nikienda kwenye mazoezi ya kufundisha nitalitumia hili kwenye somo la vipeo: mwanafunzi akiona msumari unavyopatikana kwa hatua nne atajua mbili kipeo cha nne ni kitu gani.

Mavazi nayo. Siku ya pili mashine ilikuwa inalia kila nikipiga hatua, tukachimba sehemu tatu bure kabla ya kugundua kwamba ni pete za chuma kwenye matundu ya kamba za viatu vyangu. Nikabadilisha, nikavaa yeboyebo. Simu inabaki mbali. Mkanda wenye bakoli ya chuma unabaki nyumbani.

Sahani ndogo ni bora kuliko kubwa kwenye eneo chafu. Kubwa inafika chini zaidi, lakini inasikia vitu vitatu kwa pamoja, na msumari mmoja unaweza kufunika sauti ya punje iliyo pembeni yake. Ndogo inatenganisha. Tembea polepole na upishanishe mipigo, kila mpigo uingie nusu ya uliopita, kwa sababu kadiri unavyokwenda chini ndivyo eneo ambalo sahani inalisikia linavyokuwa jembamba. Sisi tulifunga kamba kwenye vigingi, vipande vya mita mbili kwa mita mbili, na hatukuhama kabla kipande hakijanyamaza.

Na jingine ambalo linaonekana dogo: takataka uliyoichimba ondoka nayo. Mjomba alikuwa na tabia ya kurusha msumari nyuma ya bega. Kuna mmoja, uliopinda kama ndoano, niliuchimba mara tatu kwa mikono yangu. Tangu hapo tukatembea na ndoo. Mashimo nayo yafukie siku hiyohiyo. Ng'ombe wa watu wanapita pale, na mwenye ng'ombe aliyevunjika mguu hataki kusikia habari za Faraday.

Mahali pa kutafuta

Hili ndilo swali ambalo kila mtu huuliza kwanza, na mimi nimeliweka baadaye kwa makusudi, kwa sababu jibu lake lilitoka ndani ya ndoo ya takataka.

Kuna jibu la kitabuni. Dhahabu ina uzito wa karibu mara 19 ya maji kwa ujazo ule ule, mchanga wa kawaida mara mbili na nusu hivi. Kwa hiyo maji ya mvua yakiibeba kutoka kwenye mwamba, inakuwa ya kwanza kuangushwa: kwenye kona ya ndani ya korongo ambako mkondo unapungua kasi, nyuma ya jiwe kubwa, chini kabisa ya kokoto, kwenye nyufa za mwamba. Haya ni kweli na tuliyafuata. Shida ni kwamba kila mtu anayajua. Korongo la jirani limepitiwa na mashine nyingi kiasi kwamba hata vizibo vimeisha.

Jibu jingine ni kwamba mtafute mtu aliyetangulia. Uwanda wa Lupa, ambao Chunya imo ndani yake, ulikuwa na msukumo mkubwa wa wachimbaji miaka ya 1920 na 1930. Maelfu ya watu walipiga kambi, wakachekecha, wakahama. Hawakuwa na mashine za kusikia. Walitegemea macho, karai na chekeche. Punje iliyogandamana na tope gumu, au iliyojificha ndani ya jiwe la kwatzi, ilitupwa pamoja na kokoto kubwa bila mtu kujua. Kwa hiyo walikofanya kazi ndiko kwa kurudi. Lakini kambi zile hazina kibao. Nyasi zimeota, vibanda vimeoza, wengine wamelima tumbaku juu yake.

Kilichobaki ni takataka yao. Na takataka, ukiisoma, ina umri.

Siku ya sita nilimwaga ndoo chini nikaanza kupanga vitu kwa aina, zaidi kwa sababu ya uchovu kuliko akili. Upande mmoja vizibo vya soda, vingine bado vina rangi: vya juzi tu, vya watu waliokaa chini ya ule mwembe. Mabati na nyaya: ya mabani ya tumbaku, kwani palikuwa na bani pale ambalo mjomba mwenyewe analikumbuka. Kisha kikabaki kifungu kidogo kisichofanana na vingine. Makopo yenye mshono mzito wa risasi ubavuni, maganda mawili ya risasi ya bunduki ya zamani, misumari minene iliyolika hadi kubaki kama vijiti vya mkaa. Na sarafu moja ya shaba yenye tundu katikati.

Babu zetu walizitumia hizo, senti kumi za Afrika Mashariki, enzi Tanganyika, Kenya na Uganda zilipokuwa na fedha moja. Nilipoisafisha kwa limau lilitokea jina la mfalme, George V. Mwaka ulisomeka 193, tarakimu ya mwisho imelika. George V alifariki Januari 1936. Kwa hiyo aliyeidondosha aliidondosha si kabla ya 1930, na sarafu yenyewe si ya baada ya 1936. Kipindi cha msukumo wa Lupa kabisa.

Nilikuwa naandika kwenye daftari kila kitu kimetoka kipande gani. (Mjomba aliniita karani.) Vile vitu vya zamani vyote vilitoka vipande vitatu vya upande wa mashariki, pale tulipokuwa tumepaacha kwa sababu palikuwa na misumari mingi mno. Ile haikuwa takataka ya bani. Yalikuwa mabaki ya kambi.

Tulirudi huko siku ya saba. Mita kama 15 kutoka kwenye makopo kuna mteremko mdogo wenye kokoto zilizolundikana, nimeupita mara kumi nikidhani ni wa asili. Kokoto zote zilikuwa za ukubwa mmoja. Mto haupangi hivyo, chekeche ndiyo inayopanga hivyo. Mchana ule sumaku ilitoka tupu mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa kipande cha risasi. Mara ya pili mjomba aliendelea kugawa kopo nusu kwa nusu hadi kukabaki udongo mdogo, akautemea mate, akausugua kwa kidole gumba. Sikuwahi kumwona mjomba wangu akikosa maneno. Ilikuwa pointi nane.

Mali za Mjerumani

Siku ya tisa walikuja watu wawili. Habari za mashine husambaa haraka. Walisema wana ramani ya mali iliyozikwa na Wajerumani wakati wa vita ya 1914, sanduku, na kwamba mashine yetu ikipita juu ya mahali hapo italia yenyewe kama ushahidi. Walichohitaji ni milioni moja na nusu ya "kufungua" mahali, kwa sababu pana walinzi wasioonekana. Mjomba ana pikipiki moja. Usiku ule nilimsikia akizungumza na shangazi juu ya bei yake.

Niliomba kitu kimoja tu, kwamba twende tukapime kabla ya pesa kutoka. Walikubali kwa furaha, na kweli mashine ililia, kwa nguvu, eneo pana kama meza. Mjomba akanitazama kwa ushindi. Mimi nikawasha kichujio. Kimya. Chuma kitupu. Nikasema tuchimbe hicho chuma, kwani kuchimba msumari hakuhitaji kufungua chochote. Mmoja alikumbuka ana safari Makongolosi.

Kina cha kiuno tulikuta mabomba ya bati ya bani, yamekunjwa na kupangwa vizuri. Tulipoyainua, chini yake, udongoni, palikuwa na kipande cha rambo la bluu. Nililishika nikamwonyesha mjomba bila kusema kitu. Kitu kilicho chini kilitangulia kuwekwa kuliko kilicho juu yake. Hiyo ni kanuni ya kwanza ya akiolojia na tuliifundishwa wiki ya pili ya mwaka wa kwanza. Mjerumani wa 1914 hakuwa na rambo.

Pikipiki ipo mpaka leo.

Kabla sijamaliza, mambo ya sheria, maana najua kuna atakayesoma hadi hapa na kwenda kuazima mashine. Madini chini ya ardhi si ya mwenye shamba wala ya aliyeyasikia kwanza. Ingia kwenye eneo la mwenye leseni kwa makubaliano ya maandishi, pita ofisi ya kijiji, na dhahabu iuzwe kwenye masoko ya madini yaliyoanzishwa 2019. Makaburi usiyaguse. Ukisikia chuma kikubwa kwenye ardhi iliyowahi kuwa ya jeshi, usipige sururu, nenda polisi. Watu wa Mbagala na Gongo la Mboto wanajua mabomu yanavyofanya.

Na ndugu zangu wa pwani: magofu si mahali pa mashine. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inataka kibali kwa uchimbaji wa namna hiyo, na ina sababu. Mwaka 1944 mwanajeshi mmoja aliokota sarafu za shaba kwenye mchanga wa visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, na baadaye ikajulikana kuwa baadhi ni za Kilwa. Zilifikaje huko? Wataalamu bado wanabishana. Ziliokotwa bila mtu kuandika zilikuwa zimelala pamoja na nini, na sasa hakuna anayeweza kurudi kutazama. Ile senti yangu ya tundu ingekuwa ndani ya mfuko tu, bila daftari, isingenionyesha kambi.

Hesabu ya mwisho ya daftari, siku 12, mashimo 412: misumari na vipande vya chuma 263, vizibo 58, mabati na makopo 41, nyaya za shaba 17, maganda ya risasi 12, vipande vya risasi na sarafu moja 9, karatasi za fedha 8, dhahabu 4. Jumla ya dhahabu gramu 2 na pointi 3. Alipotoka mwenye mashine, akatoka mwenye leseni, ikatoka petroli, fungu langu halikufika nusu ya laki tatu niliyotoa. Wanaoniuliza kama inalipa, hiyo ndiyo namba.

Mjomba hataki nizungumzie hivyo. Ndoo ya vyuma aliipeleka kwa wanunuzi wa chuma chakavu, akapata pesa ya betri mpya za mashine. Wiki iliyopita alinipigia simu saa tano usiku. Amepata shamba jingine, ng'ambo ya barabara. "Mjomba," akasema, sauti ya chini kama mtu anayetoa siri, "pana misumari huko, misumari ya zamani, imejaa kabisa."